Unniyappam, Kitumbua cha Alasiri cha Watu wa Malabar

Baina ya sala ya alasiri na adhana ya magharibi ipo saa ambayo nyumba zetu nyingi huipenda kuliko saa zote za mchana. Jua limekwisha punguza ukali wake, watoto wamerejea kutoka chuoni, mwenye kazi amefika na kuvua viatu, na aghlabu mgeni asiyetoa habari hugonga mlango wakati huo huo. Birika huwekwa motoni bila ya kuulizana. Ama jambo limtialo bibi wa nyumba mashakani si chai, bali ni kile kitakachoandamana na chai.

Watu wa Kerala, jimbo lililoko pwani ya kusini-magharibi ya Bara Hindi, wameipa saa hiyo vyakula vyake mahsusi. Kwa lugha yao ya Kimalayalam huviita naalumani palaharam, maana yake vitafunio vya saa nne; nao huhesabu saa kwa kuanzia adhuhuri, kwa hiyo saa nne yao ndiyo saa kumi yetu ya alasiri. Chai yenyewe huiita chaya. Katika vitafunio hivyo vimo vya chumvi na vya sukari, vya kuoka na vya kukaanga, hata mtu akiviandikia orodha atajaza ukurasa huu mzima. Sisi twataka kuzungumza juu ya kimoja tu, unniyappam, kwa sababu kilituaibisha mbele ya wageni kabla ya kutufurahisha.

Unniyappam ni mkate mdogo wa mviringo, mkubwa kidogo kuliko limau, rangi yake ya kahawia iliyokoza. Nje una ngozi nyembamba iliyokauka vizuri. Ndani ni laini, wenye vitundu vidogo vidogo, na mara kwa mara jino hukutana na kipande cha nazi iliyokaangwa kwa samli. Neno appam ni mkate wa mchele, na unni ni kitu kidogo au mtoto mdogo, basi jina lake zima lasema kuwa ni kimkate kidogo tu. Anaye ndugu yake mkubwa aitwaye neyyappam, na ney ni samli. Huyo ni mpana zaidi, hana ndizi ndani yake, naye humiminwa moja kwa moja katika karai la mafuta. Wamalayali wana mithali ya kuchekesha juu ya huyo mkubwa: alaye neyyappam hupata faida mbili, tumbo hushiba na masharubu hung'aa.

Chakula hiki si cha watu wa dini moja. Wahindu wa Kerala hukipika, Wakristo wake hukipika, na Waislamu wake, ambao huitwa Mappila na wengi wao wakaa Kozhikode, Malappuram, Kannur na sehemu nyingine za Malabar, hukipika vile vile. Katika mji wa Kottarakkara lipo hekalu la Wahindu ambalo limejulikana sana kwa unniyappam wanazozitoa katika ibada yao, na kwa ajili hiyo wapo Waislamu wa mbali wanaosikia jina hili wakaingiwa na wasiwasi. Wasiwasi huo hauna mahali pake jikoni. Kinachotolewa katika ibada ya watu ni cha ibada yao. Na mchele, ndizi na sukari guru alivyonunua bibi wa Kimappila sokoni, akavisaga na kuvikaanga nyumbani mwake kwa ajili ya watoto wake, ni chakula kama chakula kingine chochote cha halali.

Msomaji wa pwani yetu huenda amekwisha jiambia kuwa tunamweleza habari ya kitumbua. Hakukosea sana. Mchele uliorowekwa na kusagwa, iliki, na juu ya yote kile chuma chenye mashimo ya mviringo kinachotiwa mafuta: mtu wa Lamu au wa Unguja akiingizwa katika jiko la Kozhikode atakitambua chombo hicho bila ya kuambiwa jina lake. Wao hukiita appakkara. Huwa na mashimo 3, au 5, au 7, na hufanywa kwa chuma cha kusubu au kwa shaba iliyochanganywa na bati, kazi ambayo mafundi wa mji wa Mannar katika Kerala wamesifika nayo. Sisi hatutaki kuingia katika ubishi wa nani alimfundisha nani. Twajua tu kwamba pepo za kaskazi na kusi zimeziunganisha pwani hizi mbili kwa karne nyingi. Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na zaidi ya miaka 10 baadaye akawa yuko Calicut, ambao ndio Kozhikode ya leo. Mwaka 1498 Vasco da Gama naye alitoka Malindi akafika Calicut chini ya mwezi mmoja. Hakuivumbua njia hiyo, alionyeshwa na rubani aliyempata Malindi. Hata neno letu sukari, tulilolipokea kwa Waarabu, asili yake ya mbali ni neno lile lile la Kisanskriti waliloligeuza Wamalayali kuwa sharkkara, nao kwa neno hilo hukusudia sukari guru.

Lakini kufanana si kuwa kitu kimoja, na hapo ndipo tulipopotea.

Jamaa zetu walioko Maskati wamepakana na nyumba ya watu wa Kozhikode. Wamalayali ni wengi katika miji ya Omani na ya Ghuba yote, na migahawa yao ya chai haina uhaba. Bibi wa nyumba ile ya jirani, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa na desturi ya kupeleka sahani ya unniyappam kwa jamaa zetu, nao hawakuirudisha sahani ile tupu hata siku moja. Mmoja wao alipokuja kututembelea alituletea zawadi ya appakkara ya chuma yenye mashimo 7, pamoja na karatasi iliyoandikwa vitu vinavyotakiwa. Sisi tuliisoma ile karatasi tukacheka. Vitumbua tumevila tangu utotoni. Ni kitu gani hapa kitakachotushinda?

Ikatokea kuwa wazazi wa mume wa binti yetu waja nyumbani kwa mara ya kwanza tangu harusi, baada ya alasiri. Tukaazimia kuwapa kitu wasichopata kukila. Adhuhuri ilipokwisha saliwa ndipo mchele ulipotolewa majini, baada ya kuloweka kwa saa moja. Sukari guru ikayeyushwa, ikamiminwa ingali yachemka. Kwa kuwa wakati ulikuwa mfupi, mtu mmoja jikoni (naye yumo katika hawa wanaoandika) alitoa shauri la kutia magadi ya unga kijiko kizima, ili unga uumuke upesi. Mafuta yalikuwa yakifuka moshi. Kilichotoka kilikuwa cheusi nje kama kaa, na ndani kilikuwa uji. Nusu yake kiling'ang'ania chuma, ikabidi kubanduliwa kwa kisu. Baba mkwe alikula kimoja mpaka mwisho, akasema mashallah, akaomba maji. Mama mkwe alikivunja chake vipande vidogo vidogo sahanini, navyo vikabaki pale mpaka walipoondoka.

Usiku ule tulipeleka habari Maskati kuuliza kosa letu ni lipi. Bibi yule hakuuliza juu ya mafuta wala juu ya chuma. Aliuliza neno moja tu, tukafasiriwa: unga mliulaza kwa saa ngapi?

Basi hilo ndilo lililoko ndani ya chakula hiki, na mengine yote hulifuata. Kitumbua chetu hutiwa hamira, na hamira huharakisha kazi. Unniyappam ya asili haitiwi hamira wala magadi. Wepesi wake hutokana na kulala. Unga unapoachwa katika chombo kilichofunikwa, maji huingia polepole ndani ya kila chembe ya mchele mpaka ikalainika, na vijidudu vya uchachu vilivyomo hewani na katika ndizi huanza kula ile sukari na kutoa hewa. Hewa hiyo ndiyo ile mitundu aionayo mtu akivunja kimkate kilichopikwa vizuri. Unga usiolala una chembe kavu katikati na maji nje yake, na ukitiwa motoni maji hayo hayajui pa kwenda. Magadi tuliyoyatia yaliongeza ubaya badala ya kuuponya, kwa sababu magadi huifanya sukari na unga kugeuka rangi upesi zaidi, na yakizidi huutia mkate mafuta mengi kupita kiasi. Kwa hiyo vile vimkate vyetu viliungua kabla ya kuiva.

Sasa twaeleza namna ya kupika kama tulivyofunzwa, na kama tulivyokwisha jaribu mara nyingi tangu siku ile.

Chukua vikombe 2 vya mchele. Huko Kerala wali wa kila siku aghlabu hupikwa kwa mchele uliochemshwa pamoja na maganda yake kabla ya kukobolewa, lakini mchele huo haufai kwa kazi hii. Wataka mchele mbichi wa kawaida. Uoshe mpaka maji yawe meupe, uloweke kwa saa 4, kisha uchuje maji yote. Wakati mchele umo majini, yeyusha sukari guru yapata gramu 250 katika nusu kikombe cha maji kwa moto mdogo. Usiipike mpaka ikawa nzito. Ikiisha kuyeyuka yatosha. Ipitishe katika chujio au kitambaa safi, maana sukari guru, hata iliyo nzuri, mara nyingi huja na mchanga na nyuzi za miwa, na chembe moja ya mchanga jinoni huharibu kazi ya siku nzima. Kisha iache ipoe mpaka uweze kutia kidole na kukiacha humo. Ukiimimina ingali moto juu ya mchele uliosagwa, utaupika unga kabla ya wakati wake, utakuwa mzito na wenye mabonge, kama tulivyofanya sisi.

Juu ya sukari guru twataka kusema neno zaidi. Huko Kerala iliyo mashuhuri ni ya Marayoor, katika milima ya wilaya ya Idukki, ambayo tangu mwaka 2019 jina lake limelindwa kwa sheria ili isiuzwe nyingine kwa jina hilo. Iliyo nzuri huwa na rangi ya kahawia iliyokoza. Ile ing'aayo kwa rangi ya dhahabu, inayopendeza macho dukani, mara nyingi imesafishwa kwa dawa. Mnunuzi asione haya kuchagua kipande cheusi chenye sura mbaya. Sukari nyeupe nayo hutia utamu, lakini haitoi ile harufu wala ile rangi, na bibi yule wa Kozhikode alipoulizwa kama yafaa alijibu kwa kucheka tu.

Saga mchele pamoja na ile sukari iliyopoa, usiongeze maji ila kwa dharura. Zamani kazi hii ilifanywa kwa jiwe la kusagia. Siku hizi mashine ya umeme humaliza kwa dakika chache, nasi hatuoni kosa lolote. Jambo la kuangalia ni kwamba unga usiwe laini kabisa. Ukiusugua baina ya vidole usikie chembe ndogo ndogo mfano wa semolina, kwani bila ya chembe hizo mkate huwa mgumu kama mpira. Mwisho wa kusaga tia ndizi mbivu 2 au 3 ndogo, zile tuziitazo kisukari, zilizoiva mpaka ganda likaanza madoadoa meusi. Ndizi ikizidi, mkate hunyonya mafuta na kulegea, kwa hivyo asiye na hakika apunguze.

Kisha kata nyama ya nazi vipande vidogo vyembamba, robo kikombe, uvikaange katika kijiko kikubwa cha samli mpaka vigeuke rangi ya dhahabu. Mwenye haraka hupenda kuviacha vibichi, lakini maji yaliyomo katika nazi mbichi hurusha mafuta. Vimimine katika unga pamoja na samli yake. Ongeza punje 6 za iliki iliyotwangwa, robo kijiko kidogo cha tangawizi kavu, kijiko kidogo cha ufuta mweusi, na chumvi kwa ncha za vidole. Wengine hutia na bizari nyembamba kidogo. Koroga, uinue upawa juu: unga ushuke kama utepe mzito usiokatika. Ukidondoka matone matone, ni mwepesi mno, na dawa yake ni kijiko kimoja au viwili vya unga wa ngano.

Hapo funika chombo, uende zako. Saa 4 ndiyo kiasi cha chini kabisa. Saa 6 mpaka 8 ni bora zaidi. Katika joto kali usipitishe hapo, kwa maana uchachu huzidi na utamu hupungua. Nyumbani kwetu unga husagwa asubuhi baada ya watoto kwenda shule, na kikaango hakiguswi mpaka alasiri.

Ama chuma kipya kina matata yake. Kioshe, kikaushe motoni, kipake mafuta ndani ya mashimo, kiache kifuke kidogo, kipoe, kisha rudia hivyo siku mbili tatu kabla ya kukitia kazini. Vimkate vya mwanzo vitashika tu, na watoto hawatavikataa. Baada ya hapo usikisugue kwa sabuni wala kwa mchanga, kitambaa chatosha.

Tia mafuta ya nazi katika kila shimo kiasi cha nusu yake, weka juu ya moto wa wastani. Dondosha tone la unga: likizama kidogo kisha likapanda taratibu huku likichemka pembeni, mafuta yako tayari; likipanda kwa kasi na kuwa jeusi, punguza moto na ungoje. Sukari guru na ndizi huungua upesi, basi moto mkali hapa ni adui kuliko moto hafifu. Mimina unga mpaka robo tatu ya shimo. Baada ya dakika mbili au tatu kingo zitakuwa na rangi na katikati patakuwa pangali pabichi. Hapo ndipo pa kugeuza, kwa kijiti chembamba chenye ncha, ukikichoma ubavuni na kukipindua mara moja. Upande wa pili hutaka muda kama huo huo. Choma katikati kwa kijiti: kikitoka kikavu, toa, weka katika chujio yachuruzike mafuta. Kiasi hiki hutoa vimkate yapata 30.

Twawaomba wenye watoto wadogo waangalie jambo moja. Appakkara nyingi zina tako la mviringo, na juu ya jiko la gesi hutikisika. Iwekwe juu ya kigingi kinachoishika sawasawa, mkono wake usielekee nje, na mtoto asipite nyuma ya mpishi. Mafuta yaliyomo ni machache kuliko ya karai, lakini ni moto ule ule.

Na juu ya kula: kitu hiki ni sukari na mafuta, hakuna la kuficha. Maradhi ya sukari yameenea Kerala kama yalivyoenea kwetu. Kimkate kimoja au viwili kwa kikombe cha chai isiyotiwa sukari ni kiasi kizuri, na mafuta yaliyobaki yasikaangiwe tena siku baada ya siku mpaka yakawa meusi. Sahani ikijaa, jirani yupo.

Kwa wengine chakula hiki ni riziki pia. Katika Kerala upo mpango wa vikundi vya wanawake uitwao Kudumbashree, uliozinduliwa Malappuram mwaka 1998, na miongoni mwa wanawake wake wapo wanaopika vitafunio vya namna hii na kuviuza. Unniyappam huwafaa kwa sababu haiharibiki upesi. Ikiachwa ipoe kabisa ndipo ikawekwa katika mkebe mkavu, hukaa siku 3 bila ya taabu, na wapo wasemao kuwa ya siku ya pili ni tamu zaidi, kwa kuwa utamu umekwisha tulia ndani yake na ngozi imelainika. Sisi tu katika hao.

Wakwe walikuja tena baada ya miezi miwili. Safari hii mchele ulilowekwa alfajiri, na unga ukalala tangu saa mbili unusu za asubuhi mpaka ilipokwisha saliwa alasiri. Hatukuwaambia ni kitu gani. Baba mkwe alikitazama kwanza pande zote, kama mtu aliyepata kuumwa na nyoka atazamavyo kamba, ndipo akatia kinywani. Mama mkwe alikula kimoja, akala cha pili, kisha akauliza chuma hicho chapatikana wapi.